Kabla ya kuchagua hoteli Mji Mkongwe, chagua mtaa

MGENI anayeshuka boti katika bandari ya Malindi, Unguja, akitokea Dar es Salaam, kwa kawaida huwa amekwisha kulipia chumba. Ameona picha ya kitanda cha samadari chenye chandarua, ameona mlango wa nakshi na kipande cha bahari dirishani, akaridhika. Jambo ambalo mara nyingi hakuliuliza ni kwamba chumba hicho kiko mtaa gani wa Mji Mkongwe. Nalo ndilo litakaloamua kama atapata usingizi, atapitisha wapi mizigo yake, atakula kwa bei gani, na alfajiri ataamshwa na sauti ya nini.

Swali hilo laweza kuonekana dogo, kwa kuwa Mji Mkongwe wote ni hekta 96 tu, na mtu mwenye miguu mizima huukata kutoka pwani hadi Darajani kwa muda usiofika nusu saa. Lakini ndani ya eneo hilo yamebanana majengo zaidi ya 1,700, na mitaa yake ilijengwa na watu mbalimbali, kwa nyakati mbalimbali na kwa shughuli zisizofanana. Hatua mia mbili zinatosha kumtoa mtu kwenye barabara ya maduka ya vinyago na kumwingiza katika kichochoro ambamo watoto wanatoka chuoni na juzuu zao kifuani.

Mji huo uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Kabla ya hapo ulikuwa umepita katika misukosuko mingi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, wenye nyumba wengi waliondoka visiwani, majumba yao yakachukuliwa na Serikali, na familia zilizotoka Ng'ambo, mashamba na Pemba zikagawiwa vyumba humo kwa kodi ndogo. Nyingine zilibaki mali ya wakfu, na nyingine mikononi mwa wenyewe.

Ilipofika miaka ya 1980 majengo mengi yalikuwa taabani, na mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya Kuhifadhi na Kuendeleza Mji Mkongwe. Kipindi hicho hicho milango ya biashara ilifunguliwa, baadhi ya majumba yakauzwa, na hoteli zikaanza kuota.

Hapo ndipo ulipoanza mvutano ambao mgeni huuingia bila kujua. Fedha za wageni zimeziba mapaa yaliyokuwa yakivuja na kuziokoa kuta ambazo mpangaji wa kodi ndogo asingeweza kamwe kuzimudu. Lakini fedha hizo hizo zimepandisha thamani ya nyumba, na familia zimeondoka moja baada ya nyingine. Mitaa yenye mapaa mazima mara nyingi ndiyo yenye baraza tupu, na ile yenye baraza zilizojaa watu ndiyo yenye nyumba zinazopukutika.

Shangani ni mfano wa kwanza. Mtaa huu uko kwenye ncha ya magharibi ya mji, mahali upepo wa baharini unapofika bila kuzuiwa, na katika karne ya 19 ndiko walikokaa mabalozi na wafanyabiashara wa Kizungu. Hamed bin Muhammed, yule Tippu Tip aliyejitajirisha kwa pembe za ndovu na watumwa, alikuwa na nyumba yake hapa, na wapitao huonyeshwa hadi leo. Jina la mwanamuziki Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, nalo limebandikwa ukutani kwenye Barabara ya Kenyatta, na watalii hupanga foleni kupigwa picha.

Faida za Shangani ni za wazi. Gari hufika karibu na mlango, posta na mashine za kutolea fedha ziko jirani, jua linapozama huonekana lote likiingia majini, na bustani ya Forodhani, iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati wa Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni, iko umbali wa kutembea na kandambili. Familia yenye mzee au mtoto mchanga haitajuta.

Gharama yake ni kwamba Shangani ndiko bei zilikopanda zaidi, muziki wa baa husikika hadi usiku mwingi, na mpita njia huitwa na wauza vinyago kila baada ya hatua chache. Anayekwenda kuona watu wa Unguja wanavyoishi atawaona hapa wakiwa kazini: wapokeaji wageni, wapishi, madereva na walinzi. Jioni wengi wao hurudi makwao Ng'ambo na kwingineko.

Upande wa pili wa pwani, kaskazini, kuna Malindi, mtaa ambao wageni wengi huupita kwa haraka wakiukimbia. Si bila sababu. Bandari iko hapa, pamoja na diko la samaki, mashua na majahazi, makuli, malori na harufu yake. Boti hupiga honi. Alfajiri mnada wa samaki huanza wakati mgeni anajigeuza upande wa pili.

Hata hivyo, Malindi ina haki ya kudai kuwa ndiyo inayofanana zaidi na mji ulivyokuwa, yaani mji wa bandari unaoishi kwa kinachoingia na kutoka. Msikiti Mnara, mmojawapo wa misikiti mikongwe ya Unguja, uko ndani ya mtaa huu na mnara wake wa umbo la pia ni nadra katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Mbele ya bahari limesimama jengo la Zahanati Kongwe, lililoanza kujengwa mwaka 1887 kwa amri ya tajiri wa Kihindi Tharia Topan na kumalizwa mwaka 1894 yeye akiwa amekwisha kufariki. Roshani zake za mbao zilizochongwa zilikarabatiwa katika miaka ya 1990, na haziko mbali na mahali abiria wanapokaguliwa vitambulisho, ingawa wachache huinua macho.

Huko ndiko alikokulia Abdulrazak Gurnah, aliyetunukiwa Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Msomaji wa riwaya zake akilala Malindi usiku mmoja ataelewa kwa nini bahari na wafanyabiashara waliofuata pepo za msimu hawabanduki katika vitabu vyake. Vyumba vya Malindi aghalabu ni vya bei nafuu kuliko Shangani. Ni busara tu, hasa kwa msafiri aliye peke yake, kutozurura karibu na geti la bandari baada ya maduka kufungwa.

Kati ya mitaa hiyo miwili, mbali kidogo na maji, ipo Kiponda na Hurumzi. Hapa mkono wa Wahindi ndio ulioutawala ujenzi: duka chini, familia juu, milango ya kukunjwa iliyopangika mfululizo, na roshani zinazokaribia kugusana juu ya kichochoro. Jina la Hurumzi huhusishwa na uhuru, kwa sababu inaelezwa kuwa katika jumba mojawapo la mtaa huo ndimo wamiliki wa watumwa walimolipwa fidia na Waingereza baada ya amri ya mwaka 1897 ya kukomesha hadhi ya utumwa. Ajabu ya historia ni kwamba waliolipwa ni waliomiliki, si waliomilikiwa.

Anayependa kukaa juu ya paa na kuutazama mji kutoka juu, achague huku. Ataona bahari ya mabati yenye kutu, minara ya misikiti, kengele ya hekalu la Wahindu itamfikia, na kwa mbali ataona minara miwili ya Kanisa Katoliki la Mtakatifu Yosefu. Lakini ahesabu ngazi kwanza. Ni za mwinuko mkali, vidaraja vyake havilingani, na hoteli nyingi za namna hii hazina lifti, wala hazina pa kuiweka.

Mkunazini, upande wa mashariki, una uzito wa aina yake. Soko kuu la watumwa lilikuwa hapa hadi lilipofungwa Juni 1873 kwa mkataba ambao Sultani Barghash aliutia saini kwa shinikizo la Uingereza, na kabla ya mwaka huo kwisha jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Anglikana lilikuwa limekwisha kuwekwa mahali hapo hapo. Askofu Edward Steere, aliyelisimamia, ndiye pia miongoni mwa watu wa mwanzo kuandika sarufi ya Kiswahili kwa hati za Kirumi. Kuna watu wasiopenda kulala karibu na mahali penye kumbukumbu nzito kiasi hicho, na hawastahili kuchekwa.

Kwa mwenye mfuko mwembamba, lakini, hapana mtaa unaoushinda. Soko la Darajani, lililojengwa mwaka 1904, liko hatua chache. Chakula cha asubuhi, yaani maandazi, mbaazi za nazi na chai ya mkandaa, huuzwa kwa bei ya wenyeji kwa sababu walaji ndio hao hao. Mchana kuna kelele za biashara. Usiku, soko likifungwa, hunyamaza kuliko wageni wengi wanavyotarajia.

Kusini yake, Sokomuhogo na Kajificheni ndiko mji ulikobaki na wenyewe kwa kiasi kikubwa. Katika njia panda inayojulikana kwa jina la Jaws Corner, wanaume hukaa barazani jioni wakinywa kahawa chungu katika vikombe vidogo, wakicheza dhumna na kubishana siasa kwa sauti ambayo mgeni wa kutoka Bara huweza kudhani ni ugomvi. Nyumba za wageni ni chache huku, nyingi ndogo, na baadhi zimo katika majumba ambayo ghorofa moja bado wamekaa wenyeji.

Kinachotakiwa kwa mgeni wa Sokomuhogo ni adabu, na hiyo haiuzwi. Atapita mbele ya baraza ile ile mara nne kwa siku, na kila mara atatakiwa kutoa salamu. Mavazi ya ufukweni huachwa ufukweni. Picha za wanawake na watoto hazipigwi bila ruhusa. Anayetimiza haya ataanza kuitwa kwa jina siku ya pili, na akipotea vichochoroni, kama watu wote wanavyopotea, atasindikizwa hadi mlangoni bila kudaiwa kitu.

Vuga, penye majengo ya utawala wa Kiingereza, pana barabara pana, miti na nafasi ya gari. Haiba ni pungufu, usingizi ni mwingi.

Wako pia wanaovuka kabisa Barabara ya Benjamin Mkapa na kulala Ng'ambo, nje ya mipaka ya urithi. Jina hilo lina maana yake halisi: zamani mkono wa bahari uliutenga mji wa mawe na ule wa nyumba za udongo, ukavukwa kwa daraja lililoiachia Darajani jina, kisha ukafukiwa. Vyumba huko hugharimu pungufu, na kutoka Michenzani, penye maghorofa marefu yaliyojengwa enzi za Karume kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, ni mwendo mfupi tu hadi sokoni. Wanaosema kuwa huko si Zanzibar ya kweli wanasahau kwamba ndiko wanakoishi Wazanzibari wengi wa mjini.

Baada ya mtaa, inafuata nyumba yenyewe, na hapa swali halihusu haiba. Desemba 25, 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba ambalo Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883, iliporomoka wakati likiwa katika ukarabati na watu wawili wakapoteza maisha. Jumba hilo lilikuwa limesalimika katika mizinga ya meli za Kiingereza Agosti 27, 1896, mizinga iliyoliangamiza kasri la jirani. Kabla ya ajali hiyo lilikwisha kupata madhara na kufungwa kwa umma kwa miaka kadhaa.

Kuelewa kwa nini nyumba hizi huanguka ni kuelewa zilivyojengwa. Ukuta ni wa mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa udongo na chokaa, mnene kiasi cha kumfunika mtu mbavu kwa mbavu. Sakafu ya ghorofa hubebwa na boriti za mikoko zilizolazwa kutoka ukuta hadi ukuta, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, kwa kawaida kama mita tatu tu. Ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba, na mgeni anayelalamika kuwa chumba ni finyu analaumu mti.

Adui wa ujenzi huo ni maji. Chokaa hunyonya unyevu na kuutoa, lakini paa likivuja mfululizo, udongo wa ndani ya ukuta huoshwa, mawe huachiana, na ncha za boriti zilizofichwa ukutani huoza bila kuonekana. Saruji, ambayo wengi huitumia kwa nia njema kuziba nyufa, huufungia unyevu ndani na kuharakisha uharibifu unaodhaniwa umezuiwa.

Hapa pana jambo ambalo ni nadra kutajwa katika matangazo ya hoteli. Nyumba ya kale ilikuwa na msala mmoja au miwili, iliyowekwa pembeni kwa makusudi. Hoteli ya leo hutaka bafu katika kila chumba. Jumba lililojengwa kwa ajili ya misala miwili hupachikwa mabafu kumi, mabomba yanapitishwa katika kuta ambazo hazikuumbwa kuonana na maji, na bomba moja linalovuja taratibu kwa miaka linaweza kufanya kazi ambayo masika hayakuifanya. Kwa hiyo nyumba yenye vyumba vichache, hata yenye bafu la kushirikiana, huenda ndiyo inayolitendea jengo haki zaidi.

Mgeni si mhandisi, lakini ana macho. Atazame juu: boriti zilizopinda au dari iliyofunikwa kwa mbao mpya katika chumba kimoja tu ni sababu ya kuuliza. Atazame chini ya kuta: lipu inayovimba na kumwaga unga mweupe ni dalili ya unyevu na chumvi. Harufu ya ukungu katika chumba kilichofunguliwa madirisha haina maelezo mengine. Aulize nyumba ilikarabatiwa lini, na kwa chokaa au saruji. Mwenye nyumba anayeijali ataeleza kwa fahari hadi mgeni achoke, na asiyejua lolote naye atakuwa ametoa jibu.

Swali jingine la kuuliza ni nani mwenyeji. Zipo nyumba za wageni ambazo familia bado inaishi humo au mtaa huo huo, hununua samaki kwa jirani na kufulisha mashuka kwa jirani. Zipo pia ambazo mwenyewe yuko mbali na ufunguo huachwa kwa mlinzi. Bei zinaweza kulingana kabisa. Fedha ya mgeni, hata hivyo, katika nyumba ya kwanza hubaki kichochoroni, na huenda ikaiwezesha familia moja zaidi kutohama.

Kalenda nayo ina neno. Sauti za Busara, tamasha la muziki lililoanza mwaka 2004, huujaza mji kila Februari, na lile la filamu la ZIFF, lililoanza 1998, huja katikati ya mwaka. Wakati wa tamasha, mtaa ulio karibu na Ngome Kongwe haulali, na vyumba hushikwa mapema. Masika, kati ya Machi na Mei, bei hushuka na vichochoro vya Malindi na Darajani hugeuka mito, lakini hakuna wakati bora wa kujua paa lipi ni zima.

Ramadhani hutaka uamuzi wa kujua. Mchana migahawa mingi hufungwa na kula hadharani ni kukosa heshima. Jioni, baada ya futari, mji huamka upya, na Sokomuhogo wakati huo huwa na uhai usioonekana mwezi mwingine wowote. Wasiopenda adhana ya alfajiri wafahamu kwamba hakuna mtaa wa kuikimbilia. Tofauti ni kama msikiti uko ukuta wa pili au wa kumi.

Bandarini, mgeni atapokewa na mapapasi, vijana wanaoishi kwa kamisheni ya kupeleka watu hotelini, ambao watamwambia kwa uso mkavu kuwa hoteli yake imejaa au imefungwa. Dawa ni kumpigia simu mwenyeji kabla ya boti kufunga gati na kuomba mtu aje na mkokoteni, kwani katika mitaa mingi ya ndani gari haliingii na begi la magurudumu halidumu. Njia za ndani hazielekezwi kwa namba za nyumba. Huelekezwa kwa msikiti, kwa kisima, kwa duka la fulani, hivyo ni vyema kuuliza mapema jina la msikiti ulio karibu na kuliandika kwenye karatasi. Anayeweza afike mchana, na alipe usiku mmoja kwanza, ili kesho yake apate nafasi ya kutembea mtaa wa pili kabla ya kuamua atamalizia wapi likizo yake.